BIBI AMESAHAU NJIA YA KISIMANI

Juma hili ukurasa wetu ni wa wazee, na hasa wale ambao akili yao imetangulia kuchoka kabla ya miguu. Kama yupo mtoto wa shule nyumbani, na awasomee kwa sauti wale wasioona vizuri. Nanyi wazee msiondoke barazani. Habari ni yenu.

Jambo lenyewe mwalijua. Bibi ameishi kilima kile kile tangu alipoolewa. Amechota maji kisima kile kile, amelima shamba lile lile la mahindi na maharage. Siku moja anakwenda kisimani na ndoo, anarudi hana ndoo. Juma la pili anakwenda tena, jua linakuchwa hajarudi. Watu wanawasha taa, wanamtafuta, wanamkuta ng'ambo ya bonde akiuliza nyumba ya baba yake, naye baba yake alikufa kabla ya Uhuru. Nyumbani anatia chumvi katika uji mara tatu. Anamwambia kila apitaye kwamba mkaza mwana kamwibia fedha, na fedha zimefungwa katika pindo la khanga yake mwenyewe. Usiku anaamka, anafunga mzigo, asema anakwenda kwao. Ukimwambia, "Bibi, hapa ndipo kwako," anakutazama kama mtu asiyekufahamu kabisa.

Hapo majirani hugawanyika. Wengine husema, "Ni uzee tu, mwacheni." Wengine husema, "Amerogwa," na mbuzi mmoja au wawili huondoka nyumbani kwenda kwa mpiga ramli. Tena wako wa tatu, nao ndio wa kuogopwa. Hao husema, "Yeye mwenyewe ndiye mchawi. Kama si mchawi, alikuwa akitafuta nini saa nane ya usiku nyuma ya nyumba ya watu?"

Wote watatu wamekosa, ingawa kosa la yule wa tatu limekwisha kuua watu katika nchi hii. Nitalirudia baadaye.

Kwanza tujue ni kitu gani. Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huu demensia, na wengi wetu twauita ugonjwa wa kusahau. Si kila kusahau ni ugonjwa. Mzee akisahau mahali alipoweka miwani yake, kisha akakumbuka baada ya kunywa chai, huyo ni mzima kama wewe. Lakini akiishika miwani mkononi asijue ni kitu cha kazi gani, hapo pana neno. Akisahau jina la mtoto wa jirani, si kitu. Akimsahau mwanawe aliyemzaa, na njia aliyoipita miaka 50, na namna ya kufunga vifungo vya shati, ujue ubongo unaugua, kama vile ini au figo iwezavyo kuugua. Tena ugonjwa huu huenda polepole. Watu wa nyumbani hujikuta wakisema, "Tangu mwaka juzi alikuwa ameanza, ila hatukutambua."

Mganga mmoja wa Ujerumani, jina lake Alois Alzheimer, alimpokea mwaka 1901 mwanamke wa miaka 51 katika hospitali ya mji wa Frankfurt. Mama huyo alisahau hata majibu aliyoyatoa dakika chache kabla. Alipokufa mwaka 1906, mganga aliuchunguza ubongo wake akitumia darubini, akauona umesinyaa na umejaa uchafu usiopaswa kuwamo. Kwa sababu hiyo aina moja ya ugonjwa huu, iliyo kubwa kuliko zote, huitwa kwa jina lake mpaka leo. Aina ya pili hutoka katika mishipa ya damu: mishipa midogo ya ubongo huziba au kupasuka, na kila inapoziba sehemu kidogo ya akili huzimika, kama nyumba yenye vyumba vingi inayozimwa taa chumba kimoja kimoja. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa wa kusahau, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi za kipato kidogo na cha kati. Basi wale wanaosema kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu wenye kuishi miaka mingi, na wahesabu upya.

Pengine utauliza, "Na hapa kwetu, nani amewahi kwenda kijijini kuwatazama wazee?" Wameendewa. Si kwetu Nyanda za Juu Kusini, bali Kilimanjaro, katika Wilaya ya Hai, kwenye migomba na kahawa kama ya Rungwe. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hawakungoja wazee waje hospitali, maana mzee mwenye ugonjwa huu haji. Katika hesabu yao, wazee 6 na kitu katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kumbuka kuwa wengi wao walikuwa hawajaambiwa na mtu yeyote kwamba wanaugua.

Hai si Mbeya, wala si Iringa. Lakini chukua hesabu hiyo, itie katika parokia yako. Kama parokia ina wazee 200 waliopita miaka 70, basi huenda kama 12 au 13 kati yao wanapotea njia ya kisimani. Umewaona wangapi Misa ya Jumapili iliyopita? Mimi nadhani hukumwona hata mmoja, kwa kuwa wamefungiwa nyumbani, ama kwa upendo, ama kwa aibu.

Napenda kuwaelezeni namna walivyowapima, maana ni jambo la akili. Vipimo vya Ulaya humwambia mgonjwa aandike sentensi, achore saa, ahesabu kurudi nyuma toka 100. Utampimaje hivyo bibi ambaye hakuiona shule? Atashindwa, nawe utaandika kuwa ni mgonjwa, kumbe ana akili kuliko wewe. Basi wataalamu hao, pamoja na wenzao wa Nijeria, walitengeneza kipimo kifupi cha watu wetu. Mzee huulizwa: daraja ni kitu gani? Leo ni siku gani? Kiongozi wa kijiji ni nani? Huambiwa ataje wanyama wengi awezavyo katika dakika moja. Husomewa maneno kumi, na baada ya muda huulizwa anayakumbuka yapi. Mwisho hupewa njiti za kiberiti, apange mfano alioonyeshwa. Hakuna kalamu wala karatasi kwa mgonjwa. Hata mganga wa zahanati anaweza kufundishwa kukitumia. Mimi sikusudii uchukue kiberiti leo jioni uanze kumtahini baba mkwe wako mbele ya watoto! Nimekieleza ili ujue kwamba akili ya mzee asiye na shule inaweza kupimwa kwa heshima.

Wataalamu hao waliona tena jambo jingine huko Hai, ambalo ni la hatari zaidi kwa kuwa haliumi. Kati ya wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la damu la juu, lile tuliitalo presha, na wengi hawakujua. Presha ndiyo inayoharibu mishipa midogo ya ubongo niliyoitaja. Mwaka 2024 wataalamu walioitwa na jarida la waganga liitwalo Lancet walisema kuwa karibu nusu ya ugonjwa wa kusahau duniani, yaani kama asilimia 45, ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama watu wangeangalia mambo 14 katika maisha yao. Sitayataja yote. Presha imo, na kisukari, na tumbaku, na ulevi, na kupigwa kichwani, na upweke, na uziwi usiotibiwa, na macho yenye mtoto wa jicho yasiyopasuliwa, na kukosa shule utotoni.

Tuseme kweli juu ya ulevi. Kwetu Iringa masika yakija na mianzi ikaanza kutoa ulanzi, wako wanaume wenye familia ambao hawaonekani na macho makavu mpaka kiangazi. Sisemi kikombe kimoja cha jioni. Nasema wale wanaoanza saa tatu ya asubuhi. Mwenye miaka 45 anayekunywa hivyo anakula akiba ya akili yake ya miaka 70, na mkewe ndiye atakayelipa deni.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa pana wagonjwa wanaoachwa bure. Si kila mzee aliyechanganyikiwa ana ugonjwa wa kusahau. Kama alikuwa mzima Jumatatu, na Alhamisi anaweweseka, haijui siku, anaona watu wasiokuwapo, huo si ugonjwa wa kusahau hata kidogo. Hiyo ni homa, au malaria, au kichomi, au mkojo wenye maambukizo, au amekosa maji mwilini, au dawa aliyopewa haimfai, au ameanguka kichwa kikapata dhara. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wa namna hiyo hurudi na akili zao timamu. Kumwacha mzee kama huyo kitandani juma zima mkisema ni uzee, ni kumwacha afe kwa ugonjwa wenye dawa.

Tena yako magonjwa ya kwetu hasa. Wazee wanakumbuka jinsi nyanda hizi za Mbeya, Iringa na Ruvuma zilivyokuwa na rovu nyingi, shingo zimevimba kama kibuyu, kwa sababu ya kukosa madini joto. Katika miaka ya 1980 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha ikaja chumvi iliyotiwa madini hayo. Tezi ya shingo isipofanya kazi vema, mtu huwa mzito wa mwili na mzito wa kufikiri, naye hufanana kabisa na aliyepungukiwa akili. Kipimo cha damu huonyesha, na vidonge vipo. Na katika Mbozi, ambayo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya kabla Mkoa wa Songwe haujaanzishwa mwaka 2016, wataalamu wamechunguza miaka mingi habari ya tegu wa nguruwe. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo. Yakiingia katika chakula kwa mikono michafu, watoto wa tegu hupanda mpaka ubongoni. Huleta kifafa na maumivu ya kichwa, na pengine huharibu fikira. Basi choo kizuri na nyama iliyopikwa ikaiva ni ulinzi wa akili pia. Wala msisahau virusi vya ukimwi. Mzee naye huambukizwa; virusi hivyo huweza kuchosha ubongo, na dawa zake zipo. Na huzuni kubwa, hasa ya mjane, huweza kumfanya mtu akae kimya asijue saa wala siku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpeleka mzee apimwe. Anzeni zahanati, muombe karatasi ya kwenda mbele. Iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya mjini, iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa, na Hospitali yetu ya Tosamaganga ya Jimbo la Iringa. Ulizeni dirisha la wazee. Anayekwenda naye awe ni yule anayelala naye nyumba moja, si mwana aliyefika jana kutoka Dar es Salaam na suti. Yule wa nyumbani ndiye ajuaye yalianza lini na yakaendaje. Na dawa zote anazomeza, za hospitali na za miti, zifungeni katika kitambaa mwende nazo.

Ikiwa waganga wamethibitisha kwamba ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, nitasema wazi: dawa ya kuuponya haijapatikana, si Mbeya wala London. Zipo zinazosaidia kidogo baadhi ya wagonjwa. Anayekuuzia chupa sokoni akikuapia kuwa itarudisha akili za mama yako, anataka fedha yako.

Lakini kukosa dawa si kukosa msaada. Huko Hai walijaribu jambo lililoanza Uingereza, ambalo halina sindano wala kidonge. Waliwakusanya wazee wenye ugonjwa huu katika vikundi vidogo, mara mbili kwa juma, kwa majuma saba, mikutano 14 kwa jumla. Wakaimba nyimbo za zamani, wakazungumza habari za vyakula, za mavuno, za utoto wao, wakashika vitu mikononi, wakacheza. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila kitu kilifanywa kwa kusema, kuona na kugusa. Wazee 34 walikuwa katika jaribio hilo, na habari zake zilichapwa mwaka 2017. Waliopita katika vikundi walionekana wana nafuu ya fikira, wana wasiwasi mdogo, na fujo za nyumbani zimepungua. Hawakupona. Lakini muulizeni mama anayeuguza kama kupungua kwa fujo za usiku ni kitu kidogo!

Niliposoma habari hiyo niliwaza Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Twakutana kila juma, twajua nyimbo, twajua habari za kijiji, na nyumba ya kukutania haituhitaji nauli. Kuna kizuizi gani kumweka bibi katikati yetu nusu saa, mtu mmoja akamuuliza namna walivyotengeneza vyungu, au jinsi njia ya Mufindi ilivyokuwa kabla ya lami? Akirudia habari ile ile mara nne, basi sikilizeni mara nne. Mmesikiliza hotuba za wagombea mara nyingi kuliko hizo.

Na sala. Mtu aweza kusahau jina la mwanawe, lakini uanze Salamu Maria, naye ataifuata mpaka mwisho bila kukosa neno, maana yale tuliyoyarudia tangu utotoni hukaa chini kabisa katika ubongo, na ugonjwa huyafikia mwisho. Vivyo hivyo lugha. Kiswahili kwa wazee wengi ni lugha ya pili. Ugonjwa ukizidi hukiacha, hubaki na Kihehe, Kibena, Kinyakyusa au Kisafwa cha mama yake. Naijua nyumba moja ya mjini ambamo wajukuu walidhani babu amekuwa bubu, kumbe hakuna aliyemsemesha kwa lugha yake. Siku alipokuja mgeni wa kijijini akasema "Ugonile," mzee aliinua kichwa, akaongea mpaka chakula kikapoa. Wazazi, wafundisheni watoto angalau salamu na maneno ya jikoni. Haitawapunguzia alama za Kiingereza.

Sasa neno kwa yule anayemtunza, na mara nyingi ni mwanamke. Usibishane na mgonjwa. Akisema anakwenda kwa baba yake, usimwambie, "Baba yako alifariki zamani," maana atalia kama amefiwa leo, na kesho atauliza tena. Mwambie, "Nisimulie habari za baba," tembea naye hadi mwembeni au kwenye migomba, kisha mrudi kunywa chai. Mpe neno moja moja: "Keti." Akishaketi: "Inua mguu." Vitu vikae mahali pamoja siku zote. Tangazeni kwa majirani na mwenyekiti wa kitongoji kwamba mzee hupotea, ili wakimwona njiani wamrudishe kwa upole. Msimfunge kamba. Nimesikia nyumba za watu wema zikifanya hivyo kwa kukosa la kufanya; lakini kamba huzidisha hofu, na hofu huzidisha kelele, na mikono hutoka vidonda. Moto ndio unaonitisha kuliko yote. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Makambako na Uporoto inapouma, mzee husogelea mafiga mpaka khanga inashika. Wekeni kizuizi cha mawe au fito, na asilale peke yake na moto. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila kunuka.

Tena mtunzaji apumzike. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndugu wa kiume wanaotuma fedha kutoka mjini wanafanya vema, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani. Wapangiane: huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. WAWATA wa kigango waweza kumpokea mgonjwa Jumamosi moja, ili mama wa nyumba ile aende kufua, au alale tu.

Nina mashaka zaidi na nyumba nyingine. Mikoa yetu imepigwa sana na ukimwi. Uchunguzi wa taifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kuwa katika Iringa na Njombe watu wazima kama 11 katika kila 100 walikuwa na virusi, na Mbeya kama 9. Wazazi wengi walizikwa kabla dawa hazijaenea, na mabibi wakalea wajukuu. Bibi wale sasa wamezeeka. Akili ya bibi ikianza kuondoka, nyumbani yuko nani? Yuko binti wa miaka 13. Yeye ndiye anayemwosha, anayemfukuzia njiani, anayelala mlangoni asitoke. Mwalimu anaandika "mtoro." Walimu, makatekista, wajumbe: mkiona jina hilo katika daftari, nendeni mpaka nyumbani kabla hamjachukua fimbo. Mtoto huyo anamlipa bibi yake deni ambalo wakubwa wamelikimbia, na shule yake ndiyo inayolipa. Jumuiya igawane siku za masomo, Jumatatu mpaka Ijumaa, mtu mzima mmoja kila siku. Nyumba tano zatosha.

Lipo na jambo la kidole gumba. Mzee asiyejua siku hawezi kuuza shamba. Katika sehemu za miti Mufindi na za parachichi Rungwe, ardhi imepanda bei, na jamaa wengine huja na karatasi, hushika kidole cha babu, hukichovya katika wino. Babu anacheka, anadhani ni mchezo. Viongozi wa serikali ya kijiji, mkiletewa karatasi ya namna hiyo, muulizeni mzee mwenyewe mbele ya watoto wake wote: shamba gani, kwa nani, kwa bei gani? Asipojua kujibu, irudisheni karatasi.

Nilisema nitalirudia lile neno la uchawi. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu walikuwa na macho mekundu. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizowapikia watu wale wale miaka 60. Msidhani Nyanda za Juu ni watakatifu. Hata kwetu bibi anayezunguka usiku hutazamwa kwa jicho baya, na maneno huanza kisimani na klabuni. Bibi huyo haroga. Ubongo wake hauijui tena tofauti ya usiku na mchana, naye anatafuta choo, au anamtafuta mama yake. Ukisikia neno hilo likianza kusemwa, lizime papo hapo, na umwambie padre na mwenyekiti wa kijiji siku ile ile, usingoje Jumapili. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho wenzetu Waprotestanti hawana katika Biblia zao nyingi, kimemtaja waziwazi katika sura ya 3 baba ambaye akili zake zimemwishia, na kimemwagiza mwana amvumilie. Zamani zile, kabla ya Kristo, walikuwa wamekwisha kuwaona wazee wa namna hii, wala hawakuwaita wachawi.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai iwe siku ya mabibi, mababu na wazee, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Kwetu siku hiyo ni ya baridi kali. Mkimleta mzee Misani, mleteni kwa Misa ya pili jua likiwa limepanda, na blanketi, na chai katika chupa. Mketi naye benchi la pembeni karibu na mlango, ili akitaka kutoka mtoke bila kuwapita watu. Mwambieni padre mapema kwamba anakuja, na kama ataka kumpa Komunyo amfuate pale pale alipo. Akiimba wakati usio wa kuimba, mwacheni amalize ubeti.